Dirisha la Kumi na Nane

Kwa nje utahesabu madirisha kumi na nane.
Ingia ndani uhesabu tena: kumi na saba.
Watoto wa shule huletwa kwa basi
wakaambiwa habari ya kodi:
hapo kale mfalme alitoza hata mwanga,
na bwana wa Thornacre, bahili asiye na mfano,
akaziba dirisha moja, akabaki na shilingi zake.
Watoto hucheka. Hununua penseli, huondoka.

Mimi ni Edric Tipton, mwashi,
na nyumba huisoma kuanzia chini.
Msingi ni mawe ya abasia:
watawa walipofukuzwa,
wenye mikokoteni waliamka mapema.
Juu ya mawe, mbao za mwaloni
za mchuuzi wa sufu aliyetaka aitwe bwana;
wakamwita, kisha wakamsengenya.
Juu ya mbao, matofali ya mjukuu
aliyezionea mbao haya.
Na juu kabisa, bati.
Bati la kambi ya jeshi, lenye kutu,
kwani mwaka wa hamsini na mbili
mrithi wa mwisho aliezua paa lake mwenyewe:
nyumba isiyo na paa haitozwi kitu.
Kwa hiyo kodi ilikula, sikatai.
Ila ilianzia juu.

Kidato cha tisa cha ngazi kimelika upande wa ukutani.
Hapo walipita watumishi, bega likisugua chokaa,
ili katikati ibaki safi
kwa kiatu cha hariri kilichoshuka mara mbili kwa siku.

Machi iliyopita Kamati iliniita nizibue dirisha;
chumba cha chai kilihitaji mwanga.
Nikatia patasi.
Chokaa ya zamani ina nywele za ng'ombe ndani yake,
hung'ang'ania kama mzee na kiti chake.
Tofali la nne, la tano,
halafu uwazi, na ndani ya uwazi
kiatu cha mtoto, cha kushoto, kikavu kama ganda,
na juu yake, kwenye chokaa iliyokuwa mbichi,
ncha ya mwiko imeandika:
*J. Tipton, 1681.*

Tipton tuko wengi kama kunguru, sijivuni.
Lakini kodi ya madirisha
ilikuja miaka kumi na mitano baadaye.

Nilimwambia Bi Fettiplace, mwenyekiti.
Alikisafisha kikombe chake muda mrefu.
"Watoto," akasema, "wanaipenda ile ya kodi."

Jioni ile nilibaki peke yangu.
Jua lilikuwa limelala chini, jekundu, likipita juu ya nyasi
kama mkono upapasao kitambaa,
na bustani yote ikatoa mishono yake:
njia moja ndefu, vichochoro viwili,
miraba ya nyumba, nikahesabu ishirini na mbili,
na duara moja, labda kisima.
Kijiji.
Kile kilichohamishiwa nyuma ya kilima
siku za Bibi Honor Cressage,
kwa kuwa moshi wake, vitabu vinasema,
uliwaudhi farasi.

Macho hayana pazia, husemwa.
Bibi aliyapatia matofali.
Kwanza alifumba dirisha,
kisha, nadhani dirisha halikutosha,
akaondoa kilichoonekana.

Nadhani tu. Mwashi hana ushahidi, ana vumbi.
Huenda ilikuwa homa, huenda baridi,
huenda mtoto mwenye kiatu kile
alizoea kukaa hapo kizingitini
akipungia mtu mkono.

Kiatu nilikirudisha ukutani, chini kidogo,
nikakizibia kwa chokaa mpya.
Kamati hawajui. Sasa wewe unajua.

Leo wanakunywa chai kwenye mwanga ule.
Ndani ni kumi na nane, nje ni kumi na nane,
na habari ya kodi bado inasimuliwa, kwa dirisha jingine.
Huko nje kondoo wamelala mahali palepale kila siku,
ishirini na mbili, wakati mwingine zaidi,
pale palipokuwa na meko.
Wanasema udongo wa pale ni mkavu.